Shajara ya mradi: utabiri wa jua na sumaku ya dunia kwa watu wa Kisumu, Aprili hadi Oktoba 2024

Aprili

Taarifa imeanza kutoka. Ni mistari mitano ya Kiswahili inayotumwa kwa simu alfajiri, kabla ya saa kumi na mbili: jua lilivyokuwa jana, sumaku ya dunia ilivyokuwa jana, mchana wa leo unavyotarajiwa, usiku wa leo unavyotarajiwa, kisha neno la kazi kwa mpima ardhi, mrusha droni na mtu wa redio ya mawimbi mafupi. Wanaoipokea kwa sasa ni wapima ardhi wa Kisumu, Kibos na Muhoroni, wanafunzi wa klabu yetu ya sayansi, na wapenzi wa redio kutoka Nakuru hadi Busia.

Kazi ya kwanza ilikuwa kupanga saa. Watabiri wa jua hufuata saa ya dunia, UTC, na siku yao kwetu huanza saa tisa usiku. Kipimo cha Kp, kinachoeleza sumaku ya dunia imetikisika kiasi gani kuanzia 0 hadi 9, hutolewa kila baada ya saa tatu, kwa hiyo vipindi vyake nane huanza saa tisa, saa kumi na mbili, saa tatu na saa sita, usiku na mchana. Vinaingiana na saa za Kiswahili bila shida yoyote. Kituo cha Marekani cha hali ya anga za juu, kilichoko Boulder, Colorado, hutoa utabiri wa siku tatu mara mbili kwa siku, na kwa saa zetu ni saa tisa u nusu usiku na saa tisa u nusu alasiri. Kipimo cha F10.7, yaani nguvu ya mawimbi ya redio ya jua yenye urefu wa sentimita 10.7, huchukuliwa Penticton, Kanada, wakati wa adhuhuri ya kule, na hapa huwa ni saa tano usiku. Anayeamka saa kumi alfajiri Kisumu anakuta vyote vimeshatoka, na ana muda wa kuvisoma kwa utulivu kabla watu hawajaenda shambani.

Mstari wa Kp ndio uliozua swali kubwa. Mpima ardhi mmoja wa Kibos aliacha kipokezi chake cha GPS juu ya alama usiku kucha ili apate pointi ya msingi ya kupimia mashamba ya miwa. Asubuhi akanipigia: "Mwalimu, umeandika shwari. Mbona data yangu ya saa mbili hadi saa nne usiku imekatikakatika?" Niliangalia. Kp ya usiku ule ilikuwa chini kabisa, na data yake ilikuwa imekatika kweli. Mambo hayo mawili hayapingani. Kp ilibuniwa na Mjerumani Julius Bartels na kuanza kutumika mwaka 1949, na inatokana na vituo 13. Vingi viko Ulaya na Amerika Kaskazini, viwili viko Australia na New Zealand. Afrika haina hata kimoja. Inaeleza vizuri sana hali ya watu wanaoishi karibu na ncha za dunia, kule mwangaza wa rangi unakoonekana angani. Sisi tuko chini ya ikweta kwa kilomita chache tu, na anga letu la juu lina vurugu zake ambazo huja jua likishazama, hata siku ambazo Boulder wanaandika kwamba dunia nzima imetulia.

Kuanzia siku hiyo mstari wa nne, ule wa usiku, umekuwa ndio moyo wa mradi huu.

9 hadi 12 Mei

Siku za kufanya kazi kuliko zote. Kundi la madoa ya jua lenye namba 3664 limekua hadi upana wake kupita wa dunia mara kumi na tano. Tarehe 9 Boulder walitoa tahadhari ya dhoruba ya sumaku ya daraja la G4 (madaraja huanzia G1 hadi G5, iliyo kali kuliko zote), ya kwanza ya aina hiyo tangu Januari 2005. Jua lilikuwa limerusha upande wetu mawingu kadhaa ya gesi yenye umeme na sumaku, moja baada ya jingine, na ya nyuma yalikuwa na kasi ya kuyafikia ya mbele.

Ijumaa tarehe 10 ilikuwa sikukuu ya kitaifa, siku ya kupanda miti na kuwakumbuka waliokufa katika mafuriko. Huku Nyando maji yalikuwa bado yamezingira nyumba za watu. Taarifa ya asubuhi ile niliiandika kwa uangalifu kwa sababu mtu aliyepoteza mali yake hapaswi kuongezewa hofu isiyo na msingi. Niliandika hivi: dhoruba kubwa ya sumaku inatarajiwa kuanzia usiku; haiumizi mwili wa mtu aliye ardhini; haileti mvua; mwangaza wa rangi hautaonekana Kisumu; vipimo vya GPS vya kazi nyeti viahirishwe hadi Jumapili.

Saa nne kasoro dakika sita asubuhi kukatokea mmweko, yaani mlipuko wa ghafla wa mionzi juani, wa daraja la X3.9; X ndilo daraja la juu kabisa. Wa redio waliniambia mawimbi mafupi yamezima ghafla, yakarudi polepole. Hilo lilikuwa la mmweko tu. Mawingu yenyewe yalikuwa bado njiani.

Setilaiti za ulinzi, ACE na DSCOVR, ziko kilomita milioni 1.5 kutoka duniani upande wa jua. Upepo wa jua wa kawaida, wa kilomita 400 kwa sekunde, hutoka pale na kutufikia kwa muda wa saa moja hivi. Usiku ule ulipita 700, kwa hiyo tahadhari ya mwisho ilikuwa nusu saa na dakika chache. Dunia ilipigwa saa mbili na dakika tano usiku. Sumaku iliyobebwa na upepo huo ilielekea kusini, na uelekeo huo ndio unaofungua ngao ya dunia. Ikielekea kaskazini, hata upepo mkali hupita bila madhara makubwa. Saa nane kasoro dakika sita usiku Boulder walitangaza G5, ya kwanza tangu Oktoba 2003.

Kipimo nilichokifuata kwa makini zaidi kilikuwa Dst. Hiki kinatokana na vituo vinne vilivyo mbali na ncha: Kakioka huko Japani, Honolulu, San Juan, na Hermanus, Afrika Kusini. Hapo angalau bara letu limo. Dst hupima mkondo mkubwa wa umeme unaoizunguka dunia wakati wa dhoruba, na usiku ule ilishuka hadi karibu nanotesla (kizio cha nguvu ya sumaku) 400 chini ya sifuri. Dhoruba inayoshuka kupita 100 chini ya sifuri tayari huitwa kali. Hermanus ndiko pia kituo cha Afrika cha tahadhari za anga za juu kiliko, na tangu Novemba 2022 kinafanya kazi saa 24. Tumeanza kusoma taarifa zao sambamba na za Boulder, na ningependa kila anayefanya kazi ya aina hii Afrika Mashariki afanye hivyo.

Marekani ilikuwa katikati ya msimu wa kupanda mahindi, na wakulima wenye matrekta yanayoongozwa na GPS walilazimika kusimama kwa sababu mistari ilikuwa inapotea. Nimeliandika hili kwa ajili ya mashamba ya miwa ya ukanda wetu. Trekta za namna hiyo zikienea huku, swali la saa mbili usiku litakuwa la watu wengi.

Jumapili tarehe 12 intaneti ikawa nzito Kenya nzima na simu zikamiminika: "Mwalimu, ni lile jua?" Hapana. Nyaya mbili zilizolazwa chini ya bahari zilikuwa zimekatika upande wa Afrika Kusini. Wengine waliuliza kuhusu stima, nayo msimu huu wa mvua hupotea kwa sababu za hapahapa ardhini. Ni kweli dhoruba ya 13 Machi 1989 ilizima umeme wa Quebec, Kanada, kwa saa tisa na kuwaacha watu milioni 6 gizani. Lakini Quebec iko karibu na ncha ya sumaku, ina njia ndefu sana za umeme, na imekaa juu ya mwamba usiopitisha umeme, kwa hiyo mkondo ulitafuta njia kwenye nyaya. Mazingira yetu hayafanani na yale. Nitaendelea kuwajibu watu hivi kila watakapouliza, kwa kuwa taarifa inayokubali kulaumu jua kwa kila jambo haitaaminiwa siku jua litakapohusika kweli.

14 Mei

Mmweko wa X8.7, mkubwa kuliko yote hadi leo ya mzunguko huu wa jua, ule wa miaka kama kumi na moja wa madoa kuongezeka na kupungua. Umetokea saa mbili kasoro dakika tisa usiku. Kisumu jua lilikuwa limeshazama zaidi ya saa nzima, na redio zetu hazikusikia chochote.

Tumeongeza sharti dogo kwenye programu. Mionzi ya mmweko husafiri kwa kasi ya mwanga, hutufikia baada ya dakika nane na kidogo, na huharibu upande wa dunia ulio mchana peke yake: huikoleza tabaka ya chini ya ionosfea, yaani hewa ya juu yenye chembe za umeme, na tabaka hiyo ikayanyonya mawimbi mafupi. Sasa kila mmweko unaoingia kwenye taarifa unapewa neno "mchana wetu" au "usiku wetu" kabla ya kitu kingine chochote.

Juni na Julai

Miezi ya kupima utabiri. Kila siku tunaandika vitu vitatu kando kwa kando: walichosema Boulder, kilichotokea, na utabiri wa kivivu unaosema kesho itakuwa kama leo. Huo wa mwisho ni mpinzani mkali. F10.7 haibadiliki sana kutoka siku moja hadi nyingine, kwa hiyo kurudia namba ya jana hukaribia ukweli mara nyingi. Hata kwa Kp, anayeandika "shwari" kila siku mwaka mzima atapatia siku nyingi, na hatamsaidia mtu yeyote. Kwa hiyo tumetenga alama mbili. Moja ni ya siku zote. Nyingine ni ya siku ambazo hali ilibadilika, kutoka shwari kwenda dhoruba au kinyume chake, na ni hii ya pili tu ninayoitumia kuamua kama taarifa yetu ina thamani.

Wanafunzi wamebandika ukutani karatasi kubwa ya manila yenye safu za vyumba 27. Jua, likitazamwa kutoka duniani, hujizungusha kwa muda wa siku 27 hivi. Penye tundu la korona (korona ni hewa ya nje ya jua), pale sumaku ya jua inapofunguka na kuruhusu upepo wa kasi utoke, upepo huo hurudi kutupiga tundu likizunguka tena. Kila siku mwanafunzi mmoja hupaka rangi chumba chake kulingana na Kp, na dhoruba zinazorudi huonekana zimepangana wima. Bartels huyohuyo wa Kp ndiye aliyepanga siku kwa mizunguko ya 27, na bado inahesabiwa kwa jina lake. Mwaka huu, jua likiwa na madoa tele, safu zetu ni vurugu tupu: dhoruba nyingi zinatokana na mawingu ya ghafla yasiyofuata kalenda. Karatasi inabaki ukutani hata hivyo. Itazaa matunda miaka inayokuja.

Mstari wa usiku umeandikwa "tulivu" karibu miezi yote hii miwili, na wapima ardhi wanathibitisha. Hiyo ndiyo tabia ya katikati ya mwaka.

Agosti na Septemba

Kipokezi chetu kimepanda juu ya paa. Ni cha bei nafuu, kinaandika nguvu ya mawimbi ya kila setilaiti ya GPS mara kumi kwa sekunde, na kompyuta ndogo hupiga hesabu kila dakika moja: nguvu imeyumba kiasi gani ikilinganishwa na wastani wake. Kuyumba huko ndiko tunakokuita kumeta.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa mabati. Mawimbi yakigonga paa na kurudi kwenye antena, nguvu hupanda na kushuka, na kwenye mchoro inafanana na vurugu za angani. Tiba mbili zimetosha. Kwanza, tunatupa setilaiti zote zilizo chini ya nyuzi 30 kutoka upeo wa macho. Pili, tunaangalia saa. Setilaiti za GPS hurudia mpangilio wake angani kila siku, lakini kwa kuwahi dakika nne. Myumbo wa mabati nao huwahi dakika nne kila siku, hadi baada ya mwezi umewahi saa mbili nzima. Myumbo wa angani haufuati setilaiti, unafuata machweo. Mwanafunzi wa kidato cha tatu ndiye aliyeichora hii kwa kupanga siku moja juu ya nyingine, na mistari ya mshazari ya mabati ikajitenga na ile iliyosimama baada ya saa moja na nusu usiku. Nimeuona mchoro ule mara nyingi na bado unanifurahisha.

Chanzo cha kumeta ni hiki. Mchana jua hupasua chembe za hewa ya juu na kujaza ionosfea umeme. Likizama, tabaka za chini hufutika upesi huku ya juu ikibaki nzito, na nguvu ya umeme ya jioni inaiinua zaidi. Tabaka nzito ikiwa juu ya nyepesi haitulii: ile nyepesi hupenya kwenda juu kama mapovu kwenye uji unaotokota. Mapovu hayo huanza juu ya ikweta ya sumaku, ambayo katika ukanda wetu haipiti Maseno kama ikweta ya kawaida bali Ethiopia, kisha hutambaa kando ya mistari ya sumaku kuelekea kaskazini na kusini. Kisumu iko nyuzi kama 10 kusini mwa ikweta hiyo. Povu lazima lipande zaidi ya kilomita 500 juu ya Ethiopia ndipo mguu wake utue juu ya ziwa letu. Mwaka wa jua kali hupanda na kuzidi.

Msimu wake ni Machi na Aprili, kisha Septemba na Oktoba. Wakati huo mstari wa machweo unalingana na mistari ya sumaku, ambayo kwetu inaelekea karibu kaskazini halisi, na ncha zote mbili za mstari mmoja wa sumaku huingia gizani pamoja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Maseno wamekuwa wakipima kumeta huku kwa miaka mingi, na sisi tunapita njia waliyokwisha kuifyeka.

Kwa hiyo mstari wa usiku sasa unatokana na mambo matatu kwa mpangilio huu: mwezi gani, F10.7 iko wapi, na kipokezi kiliona nini jana na juzi. Kp inakuja ya nne. Dhoruba inaweza kuyachochea mapovu au kuyazima kabisa, kutegemea imeanza saa ngapi za jioni yetu. Ndiyo maana sitaki mtu asome Kp kubwa na kuahirisha kazi ya usiku bila kuuliza ilianza lini.

3 Oktoba

Saa tisa na dakika kumi na nane alasiri: X9.0. Umeupita ule wa Mei, na safari hii Afrika ilikuwa mchana.

Klabu ilikuwa kwenye redio, kwenye megahezi 14.100, ikisikiliza vinara, yaani vituo vya redio vinavyotuma ishara ili watu wajue mawimbi yanafika wapi. Vinara hivi 18 vimesambazwa duniani kote. Kila kimoja hutuma kwa sekunde kumi na mzunguko mzima huchukua dakika tatu. Kwa hiyo katika dakika tatu unajua ni pembe zipi za dunia zinasikika. Afrika Kusini ilikuwa inasikika vizuri. Mzunguko uliofuata haikuwepo, wala nyingine yoyote. Hata radi za mbali zilizokuwa zikikwaruza upande wa Kakamega zilififia. Wanafunzi walidhani redio imekufa. Tukahamia megahezi 28.200 na kungoja, maana mawimbi ya juu hunyonywa kidogo na hurudi mapema. Yakarudi kwa utaratibu huohuo: 28 kwanza, kisha 21, na 14 mwishoni.

Hakuna anayetabiri dakika ya mmweko. Kinachotolewa ni asilimia, na nadhani ni halali kuwaambia watu hivyo waziwazi. Tulichoweza ni kutuma ujumbe muda mfupi baadaye: redio zenu ni nzima, ngojeni.

10 Oktoba

Alhamisi, Siku ya Mazingira, miche tena mikononi. Wingu lililorushwa alfajiri ya tarehe 9 limefika saa kumi na mbili na robo jioni, dakika chache kabla jua halijazama Kisumu. Kwa jiji hili sijui saa mbaya zaidi ya hiyo: msimu wa mapovu, F10.7 ya juu, na dhoruba inayoingia pale tabaka inapoanza kuinuka. Taarifa ya alfajiri ilikuwa imeandika G4 inawezekana. Ya jioni ikaongeza kwamba kipimo cha kutulia kwa muda mrefu, kipokezi kikikaa juu ya alama moja, kisianzishwe kati ya saa moja na saa sita usiku. Yule mpima ardhi wa Kibos alifungasha vifaa vyake mapema na kuimaliza pointi yake Ijumaa mchana. Boulder wamethibitisha G4, na Dst imeshuka kupita 300 chini ya sifuri.

Data ya kipokezi ya usiku huo imehifadhiwa nakala mbili. Itasomwa pamoja na ya wiki nzima kabla na baada, ili mabati yasituchezee.

15 Oktoba

NASA na NOAA wametangaza rasmi kwamba jua limeingia kipindi cha kilele cha mzunguko wa 25, ulioanza Desemba 2019. Kilele hudumu muda, na nusu ya kushuka huleta matundu mengi ya korona, yaani zile dhoruba zinazorudi kila siku 27. Wanafunzi wameagizwa karatasi nyingine ya manila.

Kazi inayofuata ni Nakuru. Usiku mapovu husukumwa kuelekea mashariki kwa kasi ya kama mita 100 kwa sekunde. Kutoka Kisumu hadi Nakuru, kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilomita 150. Povu lililopita juu ya paa letu linapaswa kufika kule baada ya dakika ishirini na tano hivi, na kipokezi cha pili kitatuonyesha kama linafika likiwa zima, limenyauka, au limegawanyika. Likifika zima, watu wa Nakuru watapata kitu ambacho hakuna utabiri wa Kp unaoweza kuwapa: onyo la robo saa na zaidi kutoka kwa jirani. Mwalimu mwenzangu wa huko amepata paa la zege lisilo na mabati karibu, na nguzo ya antena itasimikwa likizo ya Desemba ikianza. Tunatafuta betri ya kuivusha kompyuta usiku stima inapopotea.